Mjane Aliyechaguliwa na Ukoo

Natalia alipopata talaka mahakamani, miaka kumi na moja iliyopita, hakuna mtu Endasak aliyeikubali. Paroko alimwambia ndoa ya kanisani haivunjwi na hakimu. Wazee wa ukoo wa mumewe walisema ng'ombe wa mahari hawajarudishwa, kwa hiyo bado ni mke wao. Hata wauza maharage sokoni waliendelea kumwita mke wa mwalimu, ingawa mwalimu mwenyewe, Onesphory, alikuwa akiishi na mwanamke mwingine ng'ambo ya korongo, na Natalia alisharudi kulima kwao Masakta. Mwishowe alichoka kubishana.

Mwalimu alifariki miaka mitatu baada ya kustaafu. Wakati huo yule mwanamke mwingine alikuwa ameshaondoka zake. Sulle, mdogo wa marehemu, ambaye zamani alimfungia Natalia mlango asichukue hata sufuria, akaja Masakta na pikipiki.

"Shemeji, pole na msiba wetu. Ukoo umekaa kikao. Umechaguliwa kuwa mjane."

"Kulikuwa na wagombea wangapi?"

"Usinitanie, shemeji. Bila mjane, pensheni ya marehemu itapotea hivi hivi. Tutagawana kindugu."

Akampa muhtasari wa kikao, umepigwa muhuri wa kijiji. Ndani yake Natalia alisoma kwamba ameishi na marehemu kwa amani na upendo hadi mauti. Akarudia kusoma; maisha yale yalimvutia. Na kusema kweli, pensheni aliitaka. Mgongo ulishaanza kukataa jembe, na alikuwa amempikia mwalimu huyo kwa miaka ishirini na mitatu.

Wakaenda Mbulu, kwenye ofisi ya pensheni. Karani, kijana mwenye adabu, alimpa shikamoo, akasoma muhtasari, akakagua cheti cha ndoa, kisha akaigeukia kompyuta.

"Samahani mama, hili ni swali la kawaida tu. Mliwahi kupeana talaka?"

"Hapana," Sulle akadakia. "Kwetu hakuna mambo hayo."

"Namuuliza mama."

Natalia alijua kwamba neno moja, hapana, lingetosha kupata pensheni. Lakini kwa miaka kumi na moja alikuwa amemwambia paroko, wazee na soko zima, na wote walimkatiza. Huyu alikuwa amenyamaza, vidole tayari, akisubiri kuandika chochote atakachosema.

"Ndiyo," akasema. "Ya mahakama. Hati ninayo nyumbani."

"Basi sheria haikutambui kama mjane, mama. Pole sana."

"Umeandika kwamba mimi si mke wake?"

"Nimeandika, mama."

"Asante, mwanangu."

Walipofika nje, Sulle alishika kichwa. "Shemeji, umetuua!"

"Shemeji yako nani? Rudi ndani ukaulize."

Akamwacha hapo, akaenda kutafuta gari la kurudi Masakta. Palizi ya mahindi ilikuwa imechelewa, na ilibidi aianze kesho yake asubuhi, peke yake.