Hatua za Baba

Juzi, pale Doornfontein, jijini Johannesburg, wanafunzi walipita wakiandamana kwa toyi-toyi, magoti juu, wakiimba, nami nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, nyumbani Soweto palinukia vitunguu vya mama. Kesho yake nilipaswa kucheza toyi-toyi shuleni, na kila nilipokosea hatua nilianza upya huku nikilia.

"Baba Neema, msaidie mwanao," mama aliita kwa Kiswahili chake cha Morogoro. "Si ngoma yenu hii?"

Mimi niliamini ni ngoma ya harusi.

Baba aliinua goti, akacheka. "Eish, Neema! Mwanzo tuliandamana mikono mitupu, tukiimba tu. Polisi wa makaburu wakatupiga risasi. Ndipo tukavuka mipaka kwenda kujifunza bunduki, na kambini tulikimbia kwa hatua hizi hizi."

"Na ukikosea?"

"Vitani? Ukikosea unakufa." Alinifuta machozi kwa kanga ya mama. "Wewe kosea tu, mwanangu. Tulipigana ili nyie mkosee."

Nilidhani ananitania. Siku hizi najifundisha kuandika, peke yangu, na woga hunifanya nifute sentensi ileile tena na tena. Hapo humshukuru baba, nikaiacha ilivyo, na makosa yake.