Mama Usizime
Mshona nguo huyu, msimwone anavyokanyaga cherehani mkadhani hana lake moyoni. Ana mtoto mmoja wa kiume, na mwaka wa tatu huu hajamtia machoni. Kijana alirushiana maneno na baba yake, mzee akamwambia, "Ukitoka, usirudi." Mtoto wa nyoka ni nyoka, akatoka kweli. Namba yake haipatikani. Tangu siku hiyo jina lake halitajwi sebuleni, na mama wa watu analimeza pamoja na chai.

Sasa waifai ya nyumbani ikaanza kugoma. Mzee, mstaafu asiyekosa taarifa ya habari, akalalamika kwamba msomaji anamgandia mdomo wazi. Akaitwa fundi wa mitandao, akaja na ruta mpya.

"Hapa mchague, mama," fundi akasema, kachuchumaa chini ya dirisha. "Nikiweka toleo jipya la waifai peke yake, mtandao utakimbia, ila simu kuukuu hazitaushika. Nikiliacha na la zamani, litaurudisha nyuma. Na simu zenu zote ni mpya. La zamani libaki kwa ajili ya nani?"

Mama akasimamisha cherehani. Kwa ajili ya nani! Simu ya mwanawe ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, toleo jipya hailijui katu. Ndiye aliyeifunga ruta ya kwanza, na neno la siri akatunga la kumkanya mama yake, aliyekuwa na mazoea ya kuzima kila kitu akienda kulala. Kila geti likilia huchungulia, akiwaza kwamba siku akirudi, simu ile itashika mtandao yenyewe kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Lakini mzee amekaa palepale na gazeti lake, utasemaje?

"Fundi mwenzangu," akasema, "mimi nikishona gauni la mtoto naacha upindo. Hauonekani, lakini siku ukihitajika upo. Niachie na hilo la zamani."

Fundi akacheka. "Upindo wa nini, mama, na humu hakuna anayekua? Mzee, amua wewe. Taarifa itakayoganda ni yako."

Mama akainamisha kichwa. Alijua yamekwisha.

Mzee hakushusha gazeti. "Liache la zamani," akasema.

"Haya. Jina la mtandao je? Na neno la siri, tuweke jipya?"

"Jina lilelile. Neno la siri ni mamausizime. Herufi ndogo zote, hakuna nafasi, mwisho weka nane."

Alilitoa kwa ghibu, mtu ambaye miaka mitatu hajamtaja aliyelitunga. Mama akamtazama, asiamini masikio yake. Mzee akafunua ukurasa mwingine.

"Mtoto wa hapa," mzee akasema, "hapigi hodi."