Damu Isiyofika Upande wa Kulia

Jina lake halisi walikuwa nalo ofisini. Sisi wa chumba cha CT, chenye mashine ya kupiga picha za ubongo, tulimwita mpiga picha wetu Bi Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mgonjwa, mkubwa kwa mdogo, kabla kitanda hakijaingia kwenye lile duara la mashine. Mgonjwa akitikisa kichwa, picha ya mtiririko wa damu imeharibika, na Bi Tulia hakupenda kurudia kazi. Mimi ni muuguzi wa chumba hicho, mchoma sindano wake. Alikuwa mkali kama pilipili kwa watu wote isipokuwa mdogo wake wa kike.

Huyo kitindamimba, Bi Tulia ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Alimsomesha, akamtafutia kazi hapa na pale, na kila alipoharibu, dada mtu alikuwa na sababu ya kumtetea. "Bado ana utoto," aliniambia. Utoto gani, na mvi zimeshaanza kumchungulia? Lakini sikutaka kujitia kati ya ndugu. Makubaliano yao nyumbani yalikuwa mepesi: Bi Tulia, aliyekuwa akiishi kwingine, alete matumizi, kitindamimba alale na mama yao, ambaye presha ilikuwa ikimsumbua. Mama asiachwe peke yake usiku, basi.

Asubuhi moja mlango wetu ulifunguliwa, kitanda kikasukumwa ndani, na aliyelala juu yake alikuwa mama huyo. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto unaning'inia, maneno hayatoki. Shavuni alikuwa na alama za mkeka, zimezama kabisa. Kitindamimba alikuja nyuma analia.

"Ameanguka saa ngapi?" aliuliza daktari wa ubongo.

"Sasa hivi tu, daktari. Tumekunywa naye chai, anaosha kikombe, nikasikia kishindo."

Kiharusi kikiwa kibichi, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa. Kikiwa kimelala usiku kucha, dawa hiyohiyo inaweza kumvujisha mgonjwa damu kichwani na kummaliza. Daktari alishaiagiza dawa, lakini picha ya kwanza, ile ya kawaida, ilikuwa na kivuli ambacho hakikumpendeza. Akataka tupime mtiririko kwanza.

Nilichoma sindano, nikaunganisha dawa ya kung'arisha mishipa. Mashine hupiga sehemu ileile ya ubongo tena na tena wakati dawa ikipita na damu, kisha kompyuta inapaka rangi: wapi damu imefika, wapi imechelewa, wapi haikufika. Palipochelewa bado pana uhai, panaweza kuokolewa. Pasipofika pamekwenda. Bi Tulia alimwinamia mama yake, akamkaza mkanda wa kichwa. "Tulia, mama. Mimi nipo."

Rangi zilipotokea, sehemu kubwa ya upande wa kulia haikuwa na damu. Palipochelewa palikuwa ukingo mwembamba tu.

"Hii sidhani kama ni ya sasa hivi," daktari alisema taratibu.

"Kompyuta imechagua mshipa mbaya," Bi Tulia alijibu.

Ni kweli, hesabu yote huanzia kwenye mshipa mmoja wa kulinganishia, na kompyuta huweza kukosea. Akauchagua upya kwa mkono wake. Rangi zikarudi zilezile. Akachagua mwingine. Sikuwahi kumwona akibishana na picha yake mwenyewe, lakini siku ile alikuwa radhi mashine iwe mwongo kuliko mdogo wake. Picha ilipokataa kubadilika aliinuka akatoka kwenda kwenye korido. Nikamfuata.

"Jana usiku ulilala wapi?"

"Dada, si nimeshasema..."

"Daktari ana dawa mkononi. Ukinidanganya itamuua mama. Ulilala wapi?"

Kitindamimba alitazama sakafu. "Kwa rafiki yangu. Nimerudi asubuhi nikamkuta chini, juu ya mkeka karibu na mlango. Lakini dada, nakuomba, wasijue nyumbani."

Bi Tulia alirudi ndani, akamweleza daktari, na dawa ikawekwa kando. Mama hakufa, ila mkono na mguu wa kushoto havikurudi.

Nyumbani habari zilifika kivingine. Kitindamimba aliwaambia ndugu kwamba dawa ilikuwepo, daktari alikuwa tayari, na dada ndiye aliyeizuia. Maskini Bi Tulia, mkono uliolisha ndio ulioumwa. Nasema wazi, nilitamani kumzaba yule binti kibao.

Siku ndugu walipokusanyika wodini, nilikuwepo, nimeitwa nithibitishe. Bi Tulia alieleza yote bila kupamba. Nami nikasema nililolisikia kwenye korido. Mjomba wao, mkubwa wa ukoo, alinitazama kama mtu aliyeletwa kumsemea Bi Tulia. Kisha akamgeukia mgonjwa, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito lakini akili zilikuwa zimetulia.

"Dada, mwenye habari ni wewe. Usiku ule huyu mtoto alikuwepo au hakuwepo?"

Nikashusha pumzi, nikajua yamekwisha. Mama alimtazama Bi Tulia. Halafu mkono wake mzima ukaenda kuutafuta mkono wa kitindamimba, ukaushika.

"Alikuwepo," akasema.

Mjomba akamgeukia Bi Tulia. "Umesikia?"

Bi Tulia akasema amesikia.