Mto Ubavuni mwa Gari la Shangazi

Harufu ya wino wa Kijapani ni ya masizi mabichi yaliyochanganywa na kafuri. Juzi niliinusa katika duka moja la vifaa vya shule mjini Morogoro, pale muuzaji alipofungua kichupa kumwonyesha mteja, na moyo ukaanza kunienda mbio kama nina miaka kumi. Sogeeni karibu niwaambie kwa nini.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mji wetu Kilosa, kando ya mto Mkondoa, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na foleni ya sabuni, yalianza kufurika vitu mpaka barazani. Magari yaliyokwisha kutumika Japani nayo yakaanza kushushwa bandarini na kuja kwetu bara. Shangazi yangu Mwanaidi, aliyenilea pale mtaa wa Magomeni, hapohapo Kilosa, alikuwa akiuza nyanya na vitunguu tangu sijazaliwa. Aliuza shamba la mpunga aliloachiwa na babu, akaenda Dar es Salaam, na siku ya nne akarudi amekaa mbele ya kigari cheupe cha mizigo pamoja na dereva, kitenge kipya kichwani, anapunga mkono kama mheshimiwa.

Tulikizunguka kigari kile tukipiga vigelegele. Ubavu mmoja ulikuwa mtupu. Ubavu wa pili ulikuwa na maandishi meusi makubwa, yaliyosimama wima, kila herufi kama kibanda chenye nguzo, paa na watu ndani. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilichukua daftari la hisabati nikaanza kuyanakili, nikapigwa kwa kulimaliza.

Shangazi alipeleka nyanya Mikumi, kwenye nyumba za wageni na mabanda ya chakula wanakosimama madereva wa malori. Safari ya kwanza alirudi anaimba. Safari ya tatu alirudi na nyanya zote, zinavuja maji. Dereva mmoja wa lori alikuwa amesema kwamba gari lile lilibeba maiti huko Japani, na kwamba maandishi yale ni dua ya wafu. Mama Zuhura, mpishi mkubwa kuliko wote pale barabarani, alikataa kabisa. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," alimwambia Shangazi. "Siwezi kulisha watu nyanya za kwenye jeneza."

Shangazi hakula siku ile. Asubuhi alisema gari lipakwe rangi lote, maandishi yafutwe. Mimi nikalia kama nimefiwa. Kisha nikakumbuka mtu mmoja, nikatoka mbio na daftari langu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alipanga mwalimu wa hisabati wa sekondari, Mjapani, jina lake Keiko. Mtaani tulimwita Mwalimu Keko.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, Semeni. Mbona unahema?"

Nikamfungulia daftari. Akalitazama, akalizungusha, kwa maana nilikuwa nimeyaandika mengine kichwa chini. Halafu akacheka mpaka akajifuta machozi. "Semeni, hii siyo dua. Hii ni tambi. Tambi zinazokandwa kwa mikono. Gari lilikuwa la duka la chakula."

Tulikwenda naye hadi kwenye gari. Hapo hakucheka. Alipitisha kidole juu ya herufi ya kwanza polepole. "Aliyeandika hivi alitumia brashi," alisema. "Hapa alikandamiza. Hapa alisimama, akavuta pumzi. Hapa alikuwa na furaha, akaiachia." Nikatazama, na Mungu shahidi wangu, nikaona! Mkono wa mtu nisiyemjua ulikuwa unakwenda ubavuni mwa gari letu.

Shangazi akili yake ilikuwa inakimbia upande mwingine. "Mwalimu, Jumamosi twende Mikumi ukawasomee. Na huu ubavu mtupu, uandike palepale mbele yao. Waone ni rangi na mkono wa mtu tu, hakuna uchawi."

Mwalimu Keiko akafikiri. "Wakiniona naandika mimi, watasema na mimi ni mchawi. Aandike mtoto."

Siku tano nilizopewa zilikuwa za raha na mateso. Kila jioni tulisaga kipande cha wino juu ya jiwe lenye maji, taratibu, mpaka harufu ile ijae chumba. Nikifanya haraka, ananirudisha mwanzo. Siku mbili za kwanza niliandika mstari mmoja tu wa kulala, juu ya magazeti ya zamani. Mstari! Rafiki zangu walichungulia dirishani wakacheka. Lakini brashi ile laini ilikuwa mbea: nikikasirika, mstari unanenepa, nikiogopa, unatetemeka. Sheria ilikuwa moja. Ukishaandika, usirudie juu yake. Siku ya tatu alinionyesha neno lenyewe, mikwaju mitatu, yaani mivuto ya brashi, yote ya kushuka, akanieleza maana yake na kuniapisha nisimwambie mtu.

Jumamosi Mikumi ilijaa. Wapishi walikuja na miko mikononi, madereva wakapanda juu ya malori, hata wafugaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe walisimama. Mwalimu Keiko akasoma kwa sauti. "Tambi?" mtu akauliza, kicheko kikaanza. Mama Zuhura peke yake hakucheka. Alikuja mpaka mbele, akakunja mikono.

Nikachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi. Mkwaju wa kwanza ukashuka ukapinda kushoto. Wa katikati, mfupi, ukasimama wima. Wa tatu ndio mrefu, nao ulipofika nusu rangi ikaniishia. Nywele za brashi zikatawanyika, zikaacha michirizi mikavu mpaka chini. Uso ukaniwaka. Nikainua brashi nirudie, Mwalimu akanishika kiganja.

Kisha nikasikia sauti ya Shangazi nyuma yangu, ya taratibu kama anayejisemea.

"Hayo ni maji. Yanateremka. Hapa yamekauka, mchanga unaonekana. Si Mkondoa wetu huo, kiangazi?"

Mwalimu Keiko akageuka, mdomo wazi. "Mama, nani amekwambia? Neno hili ni mto."

Kelele zilizolipuka hapo sijapata kuzisikia tena. Honi za malori zililia. Mama Zuhura alinisogelea, akagusa rangi mbichi, akajifuta kidole kwenye kanga. "Pimeni debe mbili," akasema, "na huyu mtoto apewe chai."

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ushindi wangu. Nilikuwa nimeolewa tayari nilipomsindikiza Shangazi kufungua hesabu benki. Karani alimsogezea kalamu. Yeye akanyoosha kidole gumba kwenye wino, bila aibu, akakibonyeza. Nikashangaa. Maisha yote alikuwa ananipa risiti na barua nimsomee, "macho yangu mabovu haya, mwanangu," nami niliamini.

Siku ile Mikumi wenye kusoma walisubiri kuambiwa maana. Shangazi hakuwa na la kusubiri. Kwake maandishi yote ya dunia, ya Kijapani na ya Kiswahili, yalikuwa mikwaju mitupu, na alikuwa ameishi kwa kuitazama vizuri. Jioni ile, tuliporudi kutoka benki, nilimtafutia brashi. Akaniuliza jina lake linaanzia wapi.