Kiti cha Wilf

Beryl Goldstraw hakukalia kiti bila kwanza kukichungulia chini. Kikiwa chepesi alikigeuza miguu juu. Kikiwa kizito alikiinamisha na kuinama nacho, nyonga ikimuuma. Alifanya hivyo kanisani, nyumbani kwa watu, hata kwa daktari wa meno. Nilipokuwa bado mgeni hapa Leek, mji mdogo wa Uingereza, nilidhani anatafuta kunguni.

"Juu ya kiti ni uongo mtupu, Zai," aliniambia. "Kila mtu anapiga msasa juu. Chini hakuna anayejisumbua."

Tulijitolea pamoja katika duka la hisani la hospisi, kwenye ile barabara ya mteremko yenye maduka ya namna hiyo pande zote mbili. Watu hutuletea walichokichoka au walichoachiwa na marehemu: makabati, taa, seti za vikombe zilizopungua kimoja. Tunabandika bei, na kinachopatikana huenda kuwatunza wagonjwa wa siku za mwisho. Mumewe Beryl, Wilf, alifia kwenye hospisi hiyo. Majira ya baridi yaliyofuata Beryl aliingia dukani, akauliza kama tunahitaji mtu, na kabla hatujamjibu akatoka nje na kurudi amekumbatia kiti.

Kilikuwa kiti cha jikoni, cha mbao, mgongo wake wa vijiti. Viti kama hicho vimejaa nyumba za huku na hakuna anayevitazama mara mbili. Alisema amekileta kwa sababu stuli ya kaunta ingemmaliza nyonga. Ilichukua muda mrefu kabla ya kuniambia sababu ya pili.

"Ndicho alichokuwa anakalia Wilf kila asubuhi. Nyumbani kinanitazama, mwanangu. Kukikalia siwezi, kukitupa siwezi. Nakunywa chai nimesimama, kama farasi."

"Na hapa dukani?"

"Hapa ni kiti tu. Tazama." Akakigeuza. Chini ya ubao wa kukalia palikuwa na vinundu vigumu vya chingamu. Wilf alipoacha sigara alianza kutafuna, na alipomaliza kutafuna alibandika hapo. "Nimempigia kelele maisha yangu yote. Ningejua, ningemwachia abandike hata ukutani."

Sasa duka letu lina desturi moja ambayo sijaona mahali pengine isipokuwa kwenye maduka ya aina hii. Kitu chochote kisichoshikwa na mtu ni cha kuuzwa. Mchungaji aliwahi kuegesha mwavuli wake ili achague vitabu, na alipomaliza kuchagua mwavuli ulikuwa umeshapata mnunuzi. Kwa hiyo tunavaa makoti yetu tukiwa kazini, na kikombe cha chai hakiwekwi rafuni. Beryl mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo. Sijui kwa nini hakuwahi kufikiria kiti. Labda kwa vile alikuwa juu yake daima.

Siku aliyokwenda kupigwa picha ya nyonga, kaunta ilishikwa na Gaynor, mama mchangamfu anayeamini kwamba hakuna kitu duniani kinachokosa mnunuzi. Nilipoingia mchana aliniambia kwa furaha, "Hata kile kiti kikuukuu cha kaunta nimekiuza, shoga! Hakikuwa hata na kibandiko!"

Nilikaa kwenye stuli, nikasimama tena.

Beryl alikuja kesho yake. Alitazama pale nyuma ya kaunta, akatazama mlango, akatazama pale tena.

"Kiko wapi?"

"Beryl, naomba usiniue," Gaynor alisema. "Nilidhani kimeletwa na watu."

"Kimeletwa na mimi."

"Kachukua bwana mmoja wa gari la buluu. Anapenda kupaka rangi vitu vya zamani."

"Rangi gani?"

Mpaka leo sijui kwa nini aliuliza rangi. Hakupiga kelele. Alivaa glavu, akavua moja, akaenda zake na ile nyingine mkononi, na mimi nikabaki nimeshika glavu ya mtu.

Tangu siku hiyo tukawa wateja wa kila duka la hisani mjini. Beryl aliingia, akavuka vyombo na mapazia moja kwa moja hadi kwenye viti, akavigeuza. Nilimfuata nikigeuza pia, ingawa baada ya muda sikuwa na hakika tunatafuta nini. Viti vyote vilikuwa kile. Usiku nilipofumba macho niliona vijiti.

Gaynor ndiye aliyekiona, kama kweli alikiona. Alifika dukani anahema. "Njooni duka la paka! Dirishani!"

Duka la paka linauza vitu kwa ajili ya paka wasio na makwao. Dirishani palikuwa na viti vinne vya mgongo wa vijiti, vyote vimepakwa rangi nyeupe kama maziwa.

"Kaleta bwana wa gari la buluu," alisema mama wa duka. "Mkewe kamwambia achague, yeye au viti."

Beryl alivigeuza kimoja kimoja, pale pale dirishani, wapita njia wakitazama. Yule bwana alikuwa amepaka rangi hata chini, mtu wa kwanza kujisumbua, nadhani. Beryl alipitisha kidole. Kiti cha kwanza kilikuwa na vinundu chini ya rangi. Cha pili nacho. Cha tatu kilikuwa laini. Cha nne kilikuwa na vinundu.

"Inaonekana nchi nzima ilikuwa inatafuna," Gaynor alisema kwa sauti ndogo.

Beryl akakaa juu ya kila kimoja, macho amefumba. Kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyevichanganya.

"Nimeishi na mtu yule toka msichana," alisema, "na kiti chake sikijui."

"Chukua kimoja, Bi Beryl. Chochote."

"Samahani," mama wa duka alisema, "hatuvitenganishi. Ni seti."

"Si seti, bibie. Kimoja ni mume wangu."

Mama wa duka alitutazama sisi, akavitazama viti, akasema tena, kwa upole zaidi, kwamba ni seti. Basi Beryl akanunua vyote vinne. Gaynor alitaka kulipa, akaambiwa abebe. Tulishuka ile barabara na viti vichwani, na mwanamume mmoja nje ya baa akatupigia kelele, "Mnahama au mnaandamana?"

Nilitegemea kuona kimoja dukani asubuhi iliyofuata. Hakikuja. Beryl alikalia stuli, akalalamika, na nyonga ilipozidi akaacha kuja.

Nikawa namtembelea. Viti vyeupe vilizunguka meza ya jikoni, naye alikuwa ameketi, anakunywa chai, chapati za unga wa oti na jibini mbele yake. Mara ya kwanza nilivuta kiti cha karibu na dirisha. "Hicho hapana," alisema. "Hicho cha Wilf." Nikafurahi kwamba amekitambua. Mara ya pili nikakiepuka cha dirishani, nikavuta cha karibu na jiko. "Hicho hapana. Cha Wilf."

"Si ulisema cha dirishani?"

"Nilisema. Wilf alikuwa hatulii mahali."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini njiani niliendelea kujiuliza. Alikuwa amesahau? Alinitania? Au alikuwa amepata njia ya kuishi na viti vinne na asiyejulikana mmoja? Sikuthubutu kumuuliza mwanawe, angeanza kumpeleka kwa madaktari wa kichwa.

Mara ya mwisho ilikuwa kabla hajalazwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Hakutoka hospitalini akiwa hai. Nilifika na mvua, nikavuta kiti kilichokuwa mbele yangu, na bila kufikiri nikakiinamisha nichungulie chini. Beryl alinipiga kidogo mkononi.

"Acha, mwanangu. Kalia chochote. Leo Wilf katoka."