Ijumaa ya Imla

Ungemkuta nyumbani kwake, usingeamini kwamba ni yeye. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mtu wa soga, na mumewe, seremala asiye na maneno mengi, alizoea kumtania kwamba akianza kuongea chai hupoa mezani. Watoto wa jirani walikuwa wakiingia na kutoka sebuleni kwake kama kwao.

Shuleni alikuwa Madam Imla. Alifundisha Kiingereza darasa la nne, na jina hilo walimpa wanafunzi wakidhani halijui. Alilijua, na kusema kweli lilimpendeza.

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, darasa lake lilikuwa kimya kuliko yote. Madam husimama mbele, akatamka neno mara mbili tu, kisha zikasikika penseli zikikwaruza. "Knife. Knife." Anangoja kidogo. "Enough. Enough." Mwishoni watoto hubadilishana madaftari na kusahihishana. Aliyekosa anasimama. Aliyekosa kuliko wote anakwenda ukutani, uso kwenye rangi, pua karibu iguse, akitaja herufi za neno kwa sauti mpaka aambiwe basi. Mahali pale rangi ya kijani ilikuwa imefifia kwa pumzi na kwa vipaji vya nyuso za watoto.

Hakuwachapa. Hilo alijivunia, maana yeye mwenyewe alifundishwa kwa rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole. "Mimi siwagusi," aliwaambia walimu wenzake, "na bado wanajua." Moyoni aliamini kwamba hofu ndiyo iliyomfikisha alipo. Tahajia ya Kiingereza haikuwa na njia nyingine, alidhani. Neno lazima likutie woga ndipo likae kichwani.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana waliyemwita Redio. Mama yake alikuwa mpishi hospitalini, na mtoto alikuwa na mdomo usiotulia: aliigiza wagonjwa, madaktari, hata mama yake akigombana na sufuria. Kusimulia alijua. Tahajia ilimshinda, kwa sababu aliandika neno kama alivyolisikia. Naif. Inaf. Skul. Katika lugha ya nyumbani kwao kila herufi ina kazi yake, ukiiandika unaisema. Hakuona kwa nini hii ya Madam iwe tofauti.

Ijumaa moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii k inafanya nini hapa kama haisemi kitu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Madam alihisi uso ukimwaka moto. Alidhani wanamcheka yeye, na kibaya zaidi, hakuwa na jibu. Chuoni hakuna aliyewahi kuuliza, na yeye mwenyewe hakuthubutu.

"Nenda ukutani," alisema, "ukaiulize mwenyewe."

Redio alikwenda. Alisimama pale akitaja k, n, i, f, e mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na Madam, aliyekuwa akikusanya madaftari, alisahau kumwambia basi. Alipogeuka akamkuta bado anataja, sauti imekauka.

Tangu hapo mtoto akazima. Wenzake walisema Redio imekwisha betri. Haikupita muda mama yake akaja shuleni.

"Mwalimu, huyu mwanangu ana nini? Alhamisi jioni hali chakula. Ijumaa asubuhi tumbo. Nimemwonyesha daktari pale kazini, anasema tumbo halina kitu."

"Asome, mama. Mitihani iko mlangoni."

"Anasoma. Anasoma mpaka usingizini, namsikia anataja herufi. Analia na kutaja."

Maneno hayo yalimgusa Madam, lakini asubuhi ile ile mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba mwaka huu hataki kusikia habari ya kushika mkia. Basi akamtuliza mama kwa maneno mawili matatu, akamsindikiza hadi getini, akarudi darasani.

Ijumaa iliyofuata mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Madam alipoita majina Redio aliitika, kwa sauti ndogo, lakini aliitika. Baada ya mapumziko dawati lake lilikuwa tupu. Mkoba ulikuwepo, umening'inia kwenye kiti.

"Atakuwa chooni," Madam alijisemea, akaanza imla. Maneno yakaenda mpaka la mwisho. Mtoto hakurudi.

"Redio yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, mwenzenu yuko wapi?"

Watoto walitazama madaftari yao. Hapo ndipo Madam aliposhtuka. Aliona kwamba wanajua kitu, na kwamba wanaogopa kumwambia yeye. Si mmoja wala wawili, ni darasa zima. Alichuchumaa mbele ya msichana aliyekaa dawati moja na Redio, akalainisha sauti kadiri alivyoweza, lakini mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga dawati la nyuma.

"Niambie tu. Sikufanyi kitu."

"Alisema..." Mtoto alimeza mate. "Alisema leo anakwenda mahali ambapo maneno hayafiki."

Madam aliacha darasa bila mtu, akatoka mbio.

Alianza vyooni. Alisukuma mlango mmoja mmoja, akamulika kwa tochi ya simu ndani ya kila shimo, huku akijisikia mjinga. Hakuna kitu. Akazunguka nyuma ya madarasa, uwanjani, kando ya ua. Akaita jina la mtoto, lile la kweli lililo kwenye daftari la mahudhurio, akaita na lile la utani. Mvua ikaanza kudondoka.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na tanki la maji la ardhini, lenye mfuniko wa bati zito. Alipofika pale akaona mfuniko umesogezwa pembeni.

"Mlinzi! Mlinzi, njoo! Nani kafungua hili?"

Mlinzi, mzee mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, alikuja akikimbia. "Sijui, Madam. Asubuhi lilikuwa limefungwa."

Walipiga magoti pande mbili za tundu. Chini maji yalikuwa meusi, na matone ya mvua yalivuruga uso wake hata tochi haikuonyesha kitu. Mlinzi alileta bomba refu la chuma lililopinda ncha, akaanza kupapasa taratibu. Madam alisikia bomba likigonga sakafu ya tanki, likiburuzika, likigonga tena. Kisha halikugonga.

"Kuna kitu," mlinzi alisema.

"Kigumu?"

"Laini."

Mlinzi alivuta, kitu kikapanda kikizama na kuibuka, kizito, cha rangi ya kahawia. Lilikuwa gunia. Gunia kuukuu la saruji lililojaa matope. Madam aliinamisha paji la uso kwenye ukingo wa tanki, akabaki hivyo, mvua ikimwingia shingoni.

Sauti ya mama ndiyo iliyomwinua. Mtu alikuwa amepiga simu hospitalini, na mama Redio alikuja kama alivyokuwa jikoni, aproni kiunoni, mikono inanuka vitunguu. Aliona tundu, akaona bomba, akaona gunia linalotiririka maji.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Tunamtafuta, mama."

"Mwalimu, asubuhi nilikuletea mtoto mzima. Yuko wapi?"

Madam aligeukia tena lile tundu.

Mlinzi alikuwa amesimama kando, anakuna kichwa kwa wasiwasi. Ghafla akapapasa mfuko wa koti. "Stoo," alisema. "Mungu wangu, stoo ya madawati mabovu. Baada ya mapumziko nilirudisha mafagio, nikatia kufuli."

Walikimbia wote watatu. Mlinzi alikosea ufunguo mara ya kwanza, na mama akampiga ngumi ya bega bila kujua anampiga. Mlango ulipofunguka, vumbi na giza vikawalaki. Madawati yaliyovunjika miguu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, na huko ndani kabisa, katika uwazi ambao mtu mzima asingepenya, Redio alikuwa amejikunja, magoti kidevuni. Mkono wa sweta yake ulikuwa umelowa mate. Alikuwa ameuuma ili asitoe sauti.

Mama alimvuta, akampakata kama mtoto mchanga, akampapasa kichwa, mikono, miguu.

"Mbona hukuitika?" Madam alisema, machozi yanamtoka. "Tumekuita muda wote huu."

Mtoto hakumtazama. Aliongea akiwa amezika uso kwenye aproni ya mama yake.

"Nilisikia. Nilisikia mwalimu ananiita. Ndiyo maana nikanyamaza."

Mama akambeba mwanawe na kuondoka naye mvuani.

Kumbe mfuniko wa tanki ulisogezwa na mtu wa jikoni la shule aliyechota maji ya kupikia akasahau kuufunika. Mwalimu mkuu alimkaripia, kisha akamwita Madam ofisini. "Mtoto kapatikana, tumshukuru Mungu, yaishe," alisema. "Tusilikuze. Ijumaa endelea na kazi."

Lakini hofu ilikuwa imehama. Ilitoka kwa watoto, ikamwingia yeye. Alianza kuhesabu vichwa kila alipoingia darasani, na kila alipotoka. Mtoto akiomba kwenda chooni, alisimama mlangoni mpaka arudi. Nyumbani akipewa chai aliizungusha kikombeni bila kusema, na mumewe, ambaye kwa miaka yote alitamani ukimya kidogo, aliogopa ukimya huo akaanza kuongea yeye.

"Nenda kwa mama wa mtoto," seremala alimwambia. "Hapa unajila mwenyewe."

Alikwenda. Alimkuta jikoni hospitalini, ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi na kuvitupia kwenye beseni. Redio alikuwa bado hajarudi shule.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

Kisu hakikusimama. "Siku ile," mama alisema, "kama lile gunia lingekuwa si gunia, ungeniambia nini?"

"Nisingekuwa na la kukuambia."

"Basi na leo usiniambie. Mimi bado sijaweza, na sitakudanganya. Nenda kamwambie yeye."

Redio aliporudi, aliletwa na mama hadi mlangoni. Madam alingoja mpaka wote waketi.

"Kuna mwenzenu aliniuliza swali, nikampeleka ukutani," alisema. "Nilimpeleka kwa sababu sikujua jibu. Sasa nimeuliza waliosoma zaidi yangu. Zamani sana Waingereza waliitamka ile k. Walisema k-naif. Baadaye ndimi zikachoka, wakaiacha, lakini kwenye maandishi hawakuifuta. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Redio alitazama meza.

Kuanzia hapo hakuna aliyepelekwa ukutani. Madam alianza kuwafundisha maneno kwa ukoo: knife, knee, knock na know wakae pamoja, ndugu wa k bubu. Aliwafundisha ujanja aliotumia mwenyewe utotoni kwa siri, wa kulisoma neno kama la nyumbani, ka-ni-fe, wed-nes-day kwa Wednesday, mpaka herufi zikae, ndipo ulitamke kizungu. Wakati wa imla waliandika wawili wawili, wakinong'ona na kubishana.

Watoto hawakumwamini upesi. Kwa majuma mengi, kila alipopita kati ya madawati, waliziba madaftari kwa viwiko. Mmoja alikuwa akifumba macho Madam akimkaribia. Aliyaona yote hayo, akayabeba, maana alijua ni yake. Redio naye alikuwepo tu. Aliandika, alinyamaza, akikosea alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Siku moja mwalimu mkuu akaingia ghafla wakati wa imla. Alisikia kelele toka nje. Alisimama mbele, mikono nyuma, na darasa likaganda kama zamani.

"Wewe," mwalimu mkuu alimwonyesha Redio. "Enough. Taja herufi."

Madam alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema kitu, amkinge, lakini mtoto alikuwa ameshasimama.

"E, n, o..." Redio alisita. "O, f, f?"

"Hapana."

Madam alitazama mlango, kama uko wazi au umefungwa. Redio naye aliutazama. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Usiniambie. Ina lile gh linalojifanya f. Nijaribu tena."

Alijaribu, akasahau u. Akajaribu tena. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa, akatoka kabla mtoto hajamaliza, na mwaka uliofuata alimpa mtu mwingine darasa la nne, Madam akapelekwa la kwanza. Lakini siku ile Redio hakumwona akitoka. Alikuwa amefumba macho, anahesabu herufi kwa vidole, na wenzake wawili watatu wanamnong'oneza, huku yeye akiwasukuma kwa kiwiko: "Nyamazeni, nimeshaipata, nyamazeni bwana."

Madam hakumharakisha. Alikaa kwenye kiti, akangoja.