Tunutu wa Ukingoni mwa Msitu

Bwana shamba hamshiki mdudu kwa mkono. Humgeuza kwa njiti ya kiberiti, humhesabu miguu huku midomo ikimcheza, hutaja jina, hutaja dawa, kisha huivunja njiti vipande viwili, kesi imekwisha. Leo Hildegarda alimletea kopo lenye tunutu aliyemkuta ukingoni mwa msitu, jirani na vitunguu vyake. Kijidudu chenyewe kilikuwa bado hakijaota mabawa, na mkia wake ulikuwa nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Bwana shamba akahesabu miguu. Akahesabu tena. Alipougusa ule mkia, tunutu akaruka, akatua kwenye kola yake. Hakumpangusa.

“Mama, huyu simjui.”

Hildegarda akapigwa na butwaa. Miaka tisa hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mwaka jana tu bwana shamba alimtajia jina la mdudu wa vitunguu kabla kopo halijafunuliwa vizuri, naye Hildegarda akapuliza dawa mara tatu, mpaka nyuki wa mizinga yake wakaisha wote.

“Na yule wa mwaka jana?”

Njiti ilikuwa bado nzima vidoleni mwake.

“Hata yule sikumjua, mama.”